Inavuta Mara Themanini

Jumapili, Julai inaishia. Upepo unavuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Sikwenda kanisani. Nimemwambia mwanangu Furaha kwamba kichwa kinaniuma, na nusu yake ni kweli.

Sijaandika humu tangu mama afariki. Leo nimefungua blogu kwa sababu ya mtu mmoja, simjui, aliyeacha swali chini ya ile makala yangu ya mwaka jana ya kuisifia kamera. Anauliza: "Dada, hiyo kamera bado unayo? Zoom yake ikoje kwa matumizi ya kweli?"

Bado ninayo. Iko hapa mezani, karibu na chupa ya chai. Ngoja nikujibu, ndugu yangu, maana kazini sina wa kumweleza, na nyumbani nimechoka kuonewa huruma.

Ni kamera ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti. Ukiiwasha, lenzi inachomoza yenyewe. Kwa vumbi letu la Dodoma hilo ni tatizo, kwa sababu kila ikitoka na kurudi ndani inameza mchanga. Yangu siku hizi inalia krrr, na ina doa jeusi linalotokea kila ukipiga picha ya mawingu. Flashi inawapa watu macho mekundu. Kioo cha nyuma hakionekani juani, unabahatisha tu. Mengine ni mazuri, nisiwe mwongo. Rangi zinapendeza, betri inamaliza semina ya siku nzima, na mkono ukitikisika kidogo inakusaidia.

Ila kilichoninunulisha ni zoom. Muuzaji alinisimamisha mlangoni pa duka lake, akaielekeza kamera kwenye mnara wa simu ng'ambo ya barabara, mbali kabisa, akavuta. Nikasoma maandishi ya kibao kilichofungwa pale kwenye chuma. "Mara themanini, dada. Themanini!" Nikapagawa. Mimi karani wa masjala, kazi yangu kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni kutafuta majalada na kuyarudisha, nikajiona mpiga picha wa mbugani.

Basi bwana, nikavuta. Nimevuta mwezi mpaka mashimo yake. Nimemvuta bosi wangu akipiga miayo upande wa pili wa maegesho, ofisi ikacheka wiki nzima. Kule kwetu Bahi, mvua zilipokuwa nzuri na maji yametanda, nimemvuta korongo mpaka unaweza kuhesabu magamba ya mguu wake. Kwenye kadi yangu kuna picha mia nne na ushee.

Ya mama ipo moja.

Mama hakupenda kupigwa picha. Siyo kwamba aliogopa, alikuwa na maringo yake tu. Ukimwelekezea simu anajifunika kanga usoni: "Subiri nitoke shamba, nioge, nivae." Akitoka shamba amechoka, anasema kesho. Siku za kuandikisha vitambulisho alisema ana mpunga wa kupalilia, hakwenda. Picha za harusi ya kaka Yohana zililiwa na mchwa ndani ya ile nyumba yetu ya tembe. Za ubatizo wa Furaha zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji nikiwa nafua. Hakuna aliyehangaika. Mama alikuwepo, picha ya nini?

Sasa hiyo moja. Mwaka jana mpunga ulipoanza kuiva nilikwenda Bahi mwisho wa wiki. Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti anachokaa mtu katikati ya shamba kufukuza ndege. Kwelea kwelea walikuwa wengi mno mwaka ule. Alikuwa na kombeo mkononi, anarusha udongo, anapiga mayowe. Mimi nilisimama kwenye tuta la mwisho la majaruba ya mpunga. Kati yangu na yeye kulikuwa na matope, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ofisini, vile vyeusi.

Nikaamua kumvuta.

Hilo ndilo kosa langu na naliandika lote. Ningevua viatu ningemfikia kwa dakika tatu. Matope yale nimeyakanyaga utoto wangu wote, nimekwenda shule nayo miguuni. Lakini tangu nipate kazi Mtumba nilikuwa najishaua, kila nikienda nyumbani nataka waone kwamba mimi si wa matopeni tena. Ningepanda dungu, ningekaa naye, ningempiga picha amenigeukia ananigombeza. Badala yake nikashika kitufe cha zoom mpaka mwisho wake, kioo sikioni kwa jua, nikabofya mara moja tu. Nikampungia mkono. Alisema kitu kwa sauti kubwa, sikukisikia kwa kelele za ndege. Nikageuka nikaenda kuchemsha chai.

Mei mwaka huu presha ikampanda. Siku mbili tu, akaondoka.

Kwetu jeneza likitoka nyumbani, mjukuu hutangulia ameshika picha ya marehemu kwenye fremu. Watu hutaka kuiona. Siku ile Furaha, miaka sita, alitangulia na msalaba wa maua mikononi. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja wa jumuiya akimnong'oneza mwenzake: "Na marehemu huyu si ndiye mwenye binti mwenye kamera? Picha iko wapi?" Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku ile nimetafuta. Nimepita nyumba kwa nyumba kule Bahi nikiomba watu wafungue simu zao. Kwenye picha ya jumuiya mama yupo mstari wa nyuma, kilemba cha mwenzake kimemficha mpaka nywele. Kuna video ya sherehe ya jirani, mama anapita amebeba sufuria, unamwona mgongo na kisigino. Mwenye video alinitumia akasema, "Pole mama Furaha, ndiyo hiyo tu." Nimeitazama ile video mara nyingi nikisubiri ageuke. Hageuki.

Kaburi limeshajengewa. Jumamosi hii inayokuja tunasimika msalaba, na ndugu wamekubaliana uwekwe na kigae chenye picha ya mama, kama wanavyofanya wengi siku hizi. Picha nilete mimi. Nani tena?

Basi Jumatano nilitoka kazini mapema nikaenda kwa Kassimu, fundi picha mwenye kibanda karibu na soko. Mtu mpole, amenipigia picha za pasipoti tangu nikiwa mwanafunzi. Akachomeka kadi kwenye kompyuta, akafungua ile moja. Kwa mbali ilikuwa na nafuu. Dungu linaonekana, kombeo linaonekana, kitenge chake cha bluu nakitambua. Moyo ukapata nguvu kidogo. Akaanza kuukuza uso.

Miraba. Miraba ya kahawia tupu. Mmoja mweusi, labda ndio jicho.

"Dada, hapa ulivuka mstari," Kassimu akasema. Akachukua kamera yangu akanionyesha. Ukivuta, pembeni ya kioo inatokea mistari ya kupimia, na katikati yake kuna alama ndogo ambayo mimi sikuwahi kuijali. Mpaka kwenye alama, ni lenzi yenyewe inayosogea, inaona kweli. Ukiipita alama, kamera haioni kitu zaidi. Inachukua kile kidogo ilichokwisha kukiona na kukitanua. "Hii macho yake yanaishia ishirini," akasema. "Themanini ni maneno ya kuuzia."

Ndugu yangu uliyeuliza, jibu lako ni hilo. Ishirini.

Kisha akaangalia ukubwa wa picha. Nilikuwa nimeuweka ule mdogo kabisa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ili kadi isijae haraka, nibaki na nafasi ya picha za ndege.

"Ungesogea tu," akasema. Hakuwa na nia mbaya, anawaambia hivyo wateja wote. Nililia pale kwenye stuli yake mpaka mtu aliyekuwa anasubiri zamu akatoka nje.

Nadhani ndiyo maana akanionea huruma akasema kuna programu, unaipa picha mbovu, yenyewe inautengeneza uso. Nikamwambia ajaribu. Ningemwambia ajaribu chochote.

Alhamisi nikiwa masjala, simu ikaita mlio wa ujumbe. Nikafungua nikamkuta mwanamke. Mzuri, haki ya Mungu. Ngozi laini, kitenge cha bluu, anatabasamu meno yote yako mahali pake. Mama alikuwa na pengo la mbele. Na kwenye paji la uso yule mwanamke hakuwa na kitu, wakati mama alikuwa na ile alama ya duara ya kina mama wa Kigogo wa rika lake, waliyotiwa wakiwa watoto. Mashine iliona doa, ikamsafisha.

Nikampigia Kassimu, nikamweleza alama ilivyokuwa. Akairudisha na kiduara kilichopigwa katikati kabisa, safi, kama kimechorwa kwa bikari. Nikamtumia kaka Yohana. Akapiga simu akasema, "Sasa umenipa mwigizaji wa Kihindi." Tukacheka. Tulicheka sana, na hakuna aliyetaka kukata simu. Mwisho kaka akasema anaenda kufunga mbuzi.

Ijumaa ikaja ya tatu. Alama imefifishwa, pengo limewekwa, ila pengo la upande usio wake. Nikaituma kwenye kundi la ukoo bila kuandika neno. Nilitaka kuwaona. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, huyu nani?

"Amependeza mama yetu."

"Ndiye kabisa, Mungu amlaze pema."

"Hongera mama Furaha, umehangaika."

Na kaka Yohana, yule yule aliyecheka jana yake: "Mimi naona ni yeye. Tusichelewe, fundi wa kigae anataka picha Jumatatu."

Niliwachukia wote. Halafu nikajiuliza kama labda ni mimi. Labda ndiyo alivyokuwa na mimi nimeng'ang'ania tu, kwa sababu nina hatia.

Alikuwa amebaki mtu mmoja. Mama mkubwa, dada yake mama, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka walipoolewa. Ni mtu mwenye ulimi mkali, hajawahi kumsifia mtu bure, hata mimi nilipopata kazi aliniuliza kama nitaiweza. Nikajua huyu atakataa, na akikataa yeye hakuna atakayebisha. Jana nilipanda gari la Bahi, nikachukua bodaboda mpaka kwake. Nilimkuta uani anapepeta. Nikamwamkia shikamoo, nikasubiri amalize ungo, nikampa simu.

Aliifuta kwa kanga. Akaitazama muda mrefu, mara ameisogeza karibu, mara ameiweka mbali. Kisha akaanza kuongea nayo kwa Kigogo, polepole, akimuuliza mdogo wake mbona amemwacha peke yake na shamba lote lile, mbona hakumuaga. Machozi yakamshuka. Sikuwahi kumwona akilia hata msibani, msibani ndiye aliyekuwa anatupangia vyungu.

Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, "Mama mkubwa, ni yeye kweli?"

Akanirudishia simu.

"Si yeye," akasema. "Huyu si mdogo wangu. Lakini mpeleke, mwanangu. Tutamzoea."

Nikaitia simu mfukoni. Akachukua ungo akaendelea na mtama wake.

Leo asubuhi Furaha aliishika simu yangu akitafuta katuni, akaikuta. Akaita kwa furaha, "Bibi!" Akaibusu simu ikabaki na mate. Nikamuuliza, una hakika ni bibi? Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. Ana miaka sita, bibi yake alimbeba mgongoni, na miezi miwili imetosha.

Basi saa sita mchana nimemwandikia Kassimu neno moja: chapa. Sina picha nyingine, sina siku nyingine, na msalaba mtupu utanisema mimi zaidi ya huo wenye mgeni. Naandika hili bila kujipamba. Nimekubali kwa sababu ya aibu yangu, siyo kwa ajili ya mama. Watoto wa Furaha watapelekwa pale siku moja waonyeshwe bibi yao, nao watamwona huyu, na hakutakuwa na mtu wa kuwaambia vinginevyo. Hata mimi sijui kama nitawaambia.

Baada ya kutuma nilijilaza. Nikafumba macho nimtafute mama mwenyewe, taratibu, kabla hajapotea. Nilianzia mikononi nikaipata, na ule ukucha wa gumba uliopasuka na jembe. Harufu ya moshi kwenye kanga yake nikaipata. Sauti nikaipata, ile ya kugombeza. Nikapanda mpaka usoni.

Amekuja yule mwingine, anatabasamu.

Nikafumbua macho, nikafumba tena. Yule yule.

Jumamosi nitasimama mbele ya kaburi, watu watanishika mkono huku na huku ili nisianguke. Nitakuwa namlilia nani?