Kadi Aliyoifunga Baba Mdogo

Dar es Salaam
4 Agosti 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Nice na majirani wote hapo Akheri. Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo, ni mbu tu wanaonisumbua.

Mama, kompyuta imenigomea. Jumatatu niliiwasha ikapiga milio, skrini ikabaki nyeusi. Nikaibeba mpaka kwa fundi Kariakoo. Kilichokufa ni kadi ya VGA, kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini. Bila hicho siwezi kuchora, na michoro ya jengo langu naiwasilisha mbele ya walimu mwanzoni mwa Oktoba. Nikikosa, narudia mwaka.

Lakini kuna jambo lingine, na nimesita kuliandika. Baba mdogo Aminiel alipotuuzia mashine hii dukani kwake mjini, Ngarenaro, alitamka mbele yetu sote kwamba ametufungia kadi yenye nguvu, ya megabaiti thelathini na mbili, kwa ajili ya michoro. Hii aliyoichomoa fundi ni ya nane, kuukuu, ina kutu. Fundi alicheka, akasema, "Nani kakuuzia hii, dogo?" Nikaona aibu kusema ni mdogo wake marehemu baba.

Tafadhali usimwambie kitu kwanza. Nataka tuwe na uhakika.

Mwanao,
Solomoni

---

Akheri
15 Agosti 2001

Mwanangu Solomoni,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo, mgongo ni ule ule. Kahawa tumechuma. Siku hizi wanunuzi wanapita kila mmoja na bei yake na mizani yake, na mimi simwamini hata mmoja.

Barua yako nimeisoma nimefunga mlango, Nice asinione uso. Kwanza nijibu hili: fundi alipofungua mashine, ulisimama pale pale? Uliangalia mikono yake? Kama uligeuka hata kidogo, huenda ni yeye aliyechomoa yako akakuonyesha hiyo ya kutu.

Kama hukugeuka, basi tuna jambo zito. Aminiel alipoachishwa kazi kiwandani alianza na redio mbovu mbili mezani. Leo ana duka lenye bango, ana kompyuta za Dubai, na mwezi uliopita amenunua pikipiki. Nilimfurahia. Sasa kila ninapoisikia inapanda mlima kuja kwenye kikao cha sendofu, sherehe ya kumuaga dada yako Nice kabla ya harusi, najiuliza imetoka wapi. Yeye ndiye mwenyekiti wetu, na ndiye atakayesimama mahali pa baba yenu siku hiyo.

Niambie kadi zilizopo huko na bei zake. Kama imetumika, ilikuwa ya nani, na kwa nini ameitoa? Ninachoweza ni elfu arobaini. Zaidi ya hapo nachota kwenye fedha za Nice.

Mama yako

---

Dar es Salaam
24 Agosti 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima.

Sikugeuka, mama. Nilimwangalia fundi tangu skrubu ya kwanza.

Kuhusu kadi, nimezunguka mpaka viatu vimeachia soli. Ile inayonifaa kabisa, mpya, ipo duka moja eneo la Posta na inazidi mara mbili ya fedha yako. Kuna nyingine mpya ya bei nafuu, inaonyesha picha vizuri, lakini ukitaka kuligeuza jengo ulione kwa upande wa pili unasubiri kama mgonjwa wa kliniki. Halafu kuna iliyotumika ya Kariakoo, megabaiti kumi na sita. Fedha yako inaitosha. Nilimuuliza muuzaji ilikuwa ya nani, akasema, "Wewe unanunua kadi au unaoa?" Na akasema ikishatoka dukani hairudi.

Godbless, ninayekaa naye chumbani, ananishauri nichukue hiyo ya Kariakoo yaishe, nisianze ugomvi wa ukoo. Ni mtu mwema. Likizo nzima ya Juni, nilipokuwa huko kwako, ndiye aliyenilindia mashine.

Lakini roho inaniuma. Kwa nini tununue tena kitu tulichokwisha kulipia?

Mwanao,
Solomoni

---

Akheri
3 Septemba 2001

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Hatujambo.

Najua uliniambia ninyamaze. Nimeshindwa. Ijumaa nilivaa nguo za kanisani nikaenda Ngarenaro. Aminiel alikuwa na wateja, vijana wawili na mama mmoja wa benki. Akaniita, "Shemeji, karibu, leo umetukumbuka!" akaagiza soda. Sikuinywa. Nikamwambia pale pale, "Kadi uliyomfungia Solomoni ni ya megabaiti ngapi?"

Akasema thelathini na mbili.

Nikamwambia fundi wa Dar ameona nane, tena ina kutu.

Akaanza kueleza kwamba kadi ile aliiongezea feni ndogo ya bluu, eti kwa sababu joto la Dar si kama la huku, na hakutudai chochote kwa feni hiyo. Nikamuuliza mbona hakuitaja siku ile. Akasema, "Ningewaambia ili iweje? Mnishukuru?" Solomoni, mtu anapotunga uongo huongeza kitu cha ziada ili upendeze. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kaka yake angekuwa hai asingethubutu.

Yule mama wa benki akachukua mkoba wake akaondoka. Vijana wakawa wanatazama chini. Aminiel alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, akasema, "Nenda nyumbani, Mama Nice."

Amezoea kuniita shemeji.

Niambie kama hiyo feni uliwahi kuiona.

Mama yako

---

Akheri
20 Septemba 2001

Mwanangu Solomoni,

Bwana asifiwe. Je, u mzima? Sijapata jibu lako, na mambo hayajakaa vizuri.

Aminiel amejitoa uenyekiti. Alimtuma mtu kwenye kikao, hakuja mwenyewe. Nice amelia, ananiuliza nimemfanya nini baba yake mdogo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alinifuata nje ya kanisa na kiboksi kidogo. Hakunipa mkono. Alisema, "Hii itaingia kwenye mashine yake na kazi yake itaiweza. Kwa fedha yenu hatapata nzuri kuliko hii, asihangaike Kariakoo." Nikampa ile elfu arobaini. Nilidhani ataikataa. Aliihesabu, akanirudishia chenji, akaniandikia risiti juu ya boneti ya gari la mchungaji. Tangu niolewe ukoo huu hajawahi kuniandikia risiti.

Kiboksi nilikituma kwa basi Jumatatu, kwa jina lako. Umekipokea? Mimi bado namshuku. Mtu asiye na kosa kwa nini alete kadi? Mwonyeshe fundi kabla ya kuifunga.

Mama yako

---

Dar es Salaam
28 Septemba 2001

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilipokea barua zako zote mbili, na kiboksi nilikipokea siku ile ile basi lilipofika. Feni sikuwahi kuiona, kwa sababu sikuwahi kuifungua mashine mpaka ilipokufa. Kwa hiyo niliamini kama wewe, kwamba ameitunga.

Kiboksi nilikiweka chini ya kitanda bila kukifungua. Nilikuwa na hasira. Godbless naye akanitia hofu, akasema kadi iliyochomelewa na fundi wa redio inaweza kuunguza mashine nzima. Lakini siku zinakwisha, na jana nikaamua kuifunga mwenyewe. Sikuwa na bisibisi. Godbless alikuwa ametoka, nikainama chini ya meza yake kutafuta yake.

Mashine yake huwa anaiacha ubavu wazi, anasema inapata joto. Ndani, juu ya kadi, nikaona feni ndogo ya bluu. Imefungwa kwa waya wa shaba, kwa kile kifundo cha baba mdogo, kile anachofungia antena za redio.

Nilikaa sakafuni mpaka aliporudi. Nikamwuliza, "Hii ni ya nani?" Hakubisha hata kidogo. Alisema, "Niliazima kadi yako likizo, kwa ajili ya magemu. Nikakuwekea yangu. Nilijua kwa wakati ule unaandika insha tu, hungegundua. Halafu ikafa, nikaogopa." Mama, mtu huyu alinisindikiza Kariakoo kutafuta kadi. Alinisaidia kubeba mashine.

Nimechukua kadi yangu na nimehama chumba. Jengo langu linageuka kwenye skrini bila kukwama. Kile kiboksi nimekirudisha kwa baba mdogo kwa basi, na barua ndani yake. Nimeiandika mara nyingi nikaichana. Mwishowe nimeandika mistari michache tu.

Ni mimi niliyekutia maneno hayo kichwani. Sijui uso wako utauweka wapi, wala wangu.

Mwanao,
Solomoni

---

Akheri
15 Oktoba 2001

Mwanangu Solomoni,

Bwana asifiwe. Nimefurahi kusikia kwa mtoto wa mwinjilisti kwamba umewasilisha na walimu wameridhika. Mungu ashukuriwe.

Nilipopata barua yako nilikwenda Ngarenaro asubuhi yake. Nilingoja wateja wajae, kwa kuwa nilimtukana mbele ya wateja. Nikasimama nikasema, "Mimi ni shemeji wa huyu bwana. Nilimwita mwongo hapa hapa. Mwongo alikuwa mwingine, na aliyekosa ni mimi." Aminiel alikuwa anachomelea waya wa redio. Hakuacha. Alisema, "Sawa, nimesikia." Akanirudishia fedha kamili, akaomba risiti yake.

Nikamwomba arudi kwenye kiti chake cha uenyekiti. Akainamia redio yake.

Sendofu imefanyika Jumamosi. Nice alipendeza. Aminiel alikuja amevaa suti, akamshika Nice mkono akamtoa mbele ya watu, akasema maneno yote yanayosemwa na baba, bila kupunguza hata moja. Watu walifuta machozi. Kisha meza kuu hakukaa. Alikwenda kukaa nyuma, karibu na wapiga muziki. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Akaipokea, akasema, "Mwambie kijana aisafishe ile feni. Dar ina vumbi la chumvi." Nikangoja aongeze neno. Akaanza kula.

Barua yako hajaifungua. Nimeiona dukani, imeegemezwa kwenye spika, gundi iko vile vile. Nilitaka kumwambia aisome, nikajizuia. Nimeshasema mengi dukani kwake.

Nauli yako ya kuja huku nimempa mke wa mchungaji anayekuja huko Alhamisi, atakuletea chuoni. Ukishuka stendi, usije Akheri kwanza. Nenda Ngarenaro kwa miguu yako, ukakae pale dukani mpaka akuambie keti, au akuambie ondoka.

Mimi nitakuwa hapa nyumbani, nakungoja.

Mama yako