Swali la Sista Benedicta

Chamazi, 9 Februari 2025

Mwanangu Editha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mie na mama yako tu wazima, ila analalamikia goti. Wewe je, kifua kimepona?

Sasa sisi wa kozi ya tiba ya mionzi tumetoka darasani, tuko hospitali kwa vitendo. Wenzangu wana miaka ishirini na mbili, mie arobaini na nne, wananiita Mjomba. Miaka kumi na tano ya kuandikisha makontena bandarini Kurasini haikunifundisha kumgusa mgonjwa. Mikono inatetemeka, mwanangu.

Anayetibiwa shingo kwa mionzi hutengenezewa kinyago cha plastiki ili asisogee. Plastiki inalainishwa kwenye maji ya moto, unaivuta juu ya uso wake na kuibana mezani kabla haijapoa. Alhamisi mwenzangu alijifanya mgonjwa, mie nikachelewa, ikakauka imepinda. Mwalimu wetu, Bi. Nusaiba, hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, lala wewe."

Nikalala. Inakuja kama taulo la moto, halafu inakaza kama ganda la yai. Inabana, lakini imejaa matundu, unapumua vizuri. Nayo mionzi yenyewe ni dakika chache, mgonjwa anapolala pale hasikii maumivu. Nilitoka nacheka, mashavu yana alama za matundu.

Nisipoviweza vinyago hadi Juni, narudia mwaka. Niombee.

Baba yako,
Fransis

---

Masasi, 2 Machi 2025

Baba, shikamoo. Mpe mama shikamoo yake na pole ya goti. Kifua kimepona kabisa.

Barua yako ilikaa siku nne kwa Sista Benedicta, matroni wa bweni letu. Barua zote anazisoma yeye kwanza. Juzi akaniita ofisini. Nikajua nimekwisha.

Akafunga mlango. Akauliza kwa ile sauti yake inayokwaruza tangu mwaka jana, sie tukidhani ni vumbi la chaki: "Baba yako anaandika ukweli, au anakufurahisha?"

Nikasema, "Sista, baba hajui kutunga."

Ndipo akaniambia. Ana saratani kwenye koo la sauti. Iligunduliwa mapema, huko Dar, mwezi wa Novemba, akaandikiwa mionzi. Walipomwonyesha kinyago alitoka nje, akapanda basi, akarudi shuleni. Hajamwambia mtu. Utotoni aliangukiwa na ukuta wa nyumba, na tangu hapo hawezi kufunikwa uso, hata kwa shuka.

Ameniruhusu nikuandikie. Anauliza: akishindwa akiwa ndani ya kile kitu, atamwita nani?

Ni mkali, Baba, lakini ni mkali wetu. Jibu upesi.

Mwanao,
Editha

---

Chamazi, 14 Machi 2025

Mwanangu, hatujambo. Nawe Sista, najua ndiwe unayeisoma kwanza: Tumsifu Yesu Kristo.

Hutahitaji kuita. Utanyanyua mkono tu. Tunakuona kwenye skrini muda wote, tunazima mashine, tunaingia. Nimemwuliza Bi. Nusaiba, kasema hata sehemu ya macho ya kinyago inaweza kukatwa ili uone.

Sitakudanganya. Wiki za katikati koo litauma, kumeza kutakuwa kazi. Lakini ugonjwa ulioshikwa mapema mahali hapo mara nyingi unapona, mradi usiachwe ukae. Wewe umeshauacha miezi minne. Njoo. Mke wangu Adelina atakupokea stendi ya Mbagala, chumba kipo.

Editha, soma. Mtihani wa mwisho hausubiri mtu.

Baba yako,
Fransis

---

Masasi, 11 Mei 2025

Baba, shikamoo. Mimi mzima. Nyie je? Mbona kimya?

Sista aliondoka wiki ya Pasaka, na hatujasikia neno. Barua sasa ziko kwa mwalimu wa zamu, na hazisomi, anagawa tu. Tulidhani tutafurahi. Jana Loveness wa kitanda cha jirani alipiga mluzi wakati wa kimya. Hakuna aliyemkemea. Akaanza kulia.

Mwanao,
Editha

---

Chamazi, 25 Mei 2025

Mwanangu, nisamehe. Nyumbani kote wazima, hata goti. Habari za mgonjwa si zangu kuzitangaza, nilimsubiri mwenyewe aniruhusu. Leo Sista kasema, "Andika yote, wasije wakatunga."

Mara ya kwanza alinyanyua mkono plastiki ikiwa bado laini. Tukaitoa. Mara ya pili, vilevile. Alikuwa analia. Bi. Nusaiba akaniangalia: "Mjomba, huyu mgonjwa wako."

Nikachuchumaa kando ya meza. "Sista, bweni lako lina wasichana wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi waite kimoyomoyo, kitanda kwa kitanda. Usimruke mtu."

Nikavuta. Mikono haikutetemeka, na nilikuja kulitambua hilo baadaye, nikinawa. Tulipomfungua akakaa kitako, akavuta pumzi, akasema: "Nimeishia kitanda cha thelathini na saba. Cha mwanao. Nikakumbuka anavyotandika vibaya, nikasahau kuogopa."

Bi. Nusaiba alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasaini kitabu changu cha vitendo. Sista alianza mionzi Jumatatu, atamaliza mwanzoni mwa Julai. Mama yako alipika pilau, sufuria moja kwa furaha mbili.

Tandika kitanda.

Baba yako,
Fransis

---

Masasi, 3 Agosti 2025

Baba, shikamoo! Hongera kwa kufaulu. Nilipoambiwa nilikimbia uwanja mzima, nikapewa adhabu ya kufagia, nikafagia naimba.

Sista karudi Jumatano. Amekonda, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, na sauti madaktari wanasema itarudi taratibu. Bado atakuwa anaenda kuangaliwa. Lakini Ijumaa aliingia bwaloni, akaamuru meza ifutwe, akanilaza juu ya meza hiyo mbele ya bweni zima. Akajifanya wewe.

"Kidevu juu. Usicheke, Editha, mionzi haina utani." Akanifunika uso kwa ungo wa jikoni. Baba, walicheka hadi wapishi.

Loveness peke yake hakucheka. Akanyanyua mkono. Akasema mama yake, kule Newala, ana uvimbe shingoni tangu Krismasi, anaufunika kwa mtandio, na anasema kwenda hospitali Dar ni kwenda kufa.

Sista akatoa simu yake mfukoni. Ile simu hata Mkuu wa Shule haigusi. Akampa. "Mpigie."

"Sasa hivi, Sista?"

"Sasa hivi. Sisi tunasubiri."

Nilikuwa bado mezani, sikuthubutu kushuka. Simu inaita. Inaita.

Ikapokelewa.

Mwanao,
Editha