Gome la Supu Kutoka Endulen

Baba, shikamoo, wewe na hicho kiti chako.

Huku Endulen ukungu umetanda, meno yanagongana. Bibi wa Kimaasai aliyenipokea, anayekuzidi umri, amenipikia supu ya mbuzi yenye magome ya mgunga. Inakwaruza koo! Anasema magome hayo huwapa wazee nguvu za miguu, na huzuia mafuta ya nyama yasiuchoshe moyo. Nikamweleza kwamba tangu magoti yaanze kukuuma unashinda umeketi, nikaomba gome lako. Akacheka: "Mwambie mimi gome nalifuata mwenyewe korongoni."

Basi, gome lako alilonipa nimempa dereva wa lori alifikishe kwa shangazi, kule kilimani. Shangazi nimemkataza kukuletea. Nenda polepole, na fimbo yako. Kiti kitakusubiri.

Mwanao akupendaye,
Paskalina