Jina la Vero Limesomwa Ulaya, la Doto Bado

Jina la binti yangu limesomwa bungeni Ulaya. Veronika, wangu mimi, niliyemlea kwa kuuza asali pale sokoni. Mzungu kasimama na suti yake, kasema huyu dada wa Tabora na viongozi wenzake wa upinzani waachiwe. Alilitamka vibaya, lakini alilitamka.

Haya, sasa hamjambo. Leo Alhamisi, jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limetufika mpaka kwenye vikombe.

Video nimeiangalia mpaka simu ikapata moto. Darasa la saba langu halinifikishi kwenye Kiingereza, ila jina la mwanangu nalijua kwa lugha yoyote. Vero ni kiongozi wa vijana wa chama chake hapa wilayani. Yuko mahabusu tangu walipokamatwa kwenye mkutano ambao wakubwa wanasema haukuwa na kibali. Tangu utotoni ana mdomo, na mdomo ule kautoa kwangu, sikatai.

Mchana jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa jirani yangu, Mama Kulwa. Ilipofika zamu ya kutoa nia, nikashukuru kwa sauti, nikaeleza bunge, suti na yote. Wenzangu wakapiga makofi. Mwenyekiti wetu akanitania, "Mama Vero, sasa hata asali utatuuzia kwa bei ya Ulaya." Nikacheka mpaka kilemba kikalegea.

Baada ya sala Mama Kulwa akanisogezea bakuli la viazi vikavu, matobolwa. Akauliza taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Na Doto wangu, wamemsoma?"

Doto ni mwanawe, ana bodaboda. Kosa lake ni kumpeleka Vero mkutanoni na kumsubiri nje. Wakabebwa wote.

Nikajifanya nachagua kiazi.

Na mwanamke huyu tunapokezana kupika chakula cha mahabusu. Siku yangu napeleka ugali na mlenda wa watoto wote wawili, siku yake anapeleka yeye. Askari wa getini humtaka mleta chakula aonje kwanza, na Mama Kulwa huonja cha Vero bila kunung'unika. Na mimi nimesimama sebuleni kwake, nimemshukuru Mungu kwa wangu tu.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Kaka yangu anasema kelele za nje zinawaudhi wakubwa, watamkazia Vero. Huenda. Mimi naona mtu anayejulikana ni vigumu kumsahau mle ndani. Sasa Doto asiyejulikana, nani atamkumbuka?

Jioni akanipigia binti mmoja wa ubalozi wa Ulaya, Kiswahili chake cha Dar. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Wanataka kuja kusikiliza kesi Jumatatu, maana siku hiyo ndiyo dhamana inaamuliwa. Nikamwambia aandike na jina la Doto.

"Mama, taarifa yetu ni ya viongozi wa upinzani. Huyo ni mwanasiasa?"

"Ni wa bodaboda."

"Basi inakuwa ngumu kidogo, mama."

"Mwanangu, kama wanaofungwa ni wanasiasa tu, Doto mle ndani anafanya nini?"

Kisha akasema atamuuliza bosi wake. Hakuahidi, na mimi sikumbembeleza. Nilimwambia tu kwamba akija atakaa katikati yetu, na wa kwanza kuongea naye ni Mama Kulwa.

Nimetoka kumpelekea habari sasa hivi. Akasema yeye hajui kuongea na watu wa ubalozi. Nikamwambia aongee kama anavyonisengenya mimi kisimani, itatosha. Kacheka kidogo. Kisha akauliza kama watu watakuja kweli, au tutakaa wawili kwenye benchi.

Basi ndugu na majirani, mkija kwa ajili ya Vero, mmekuja na kwa Doto. Kaeni upande wa mama yake. Mahakamani, Jumatatu asubuhi.