Bahasha ya Fundi wa Mwandoya

Mjukuu wangu Kabula,

Nimefarijika kusikia umepona. Huku Bariadi tu wazima, na mama yako anavuna pamba. Umeniuliza kama niliwahi kumwonea huruma mzabuni aliyechelewa.

Nilipokuwa karani wa zabuni halmashauri, fundi mmoja mzee wa Mwandoya alileta bahasha ya zabuni ya kujenga madarasa dakika chache kabla sanduku la kupokelea halijafungwa. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, baba!" Akaniuliza habari za ukoo wetu, mvua, hata ng'ombe, nami nikajibu yote. Tulipomaliza, sanduku lilikuwa limefungwa.

Aliwasilisha malalamiko. Nilikiri kwa maandishi kwamba salamu zangu ndizo zilizomchelewesha, lakini kamati ya zabuni ilishikilia saa ya kufunga, naye akaikosa kazi. Nilimwomba radhi huku nikilia, yeye akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Nyamaza, mayu! Ungenipokea bila salamu, kazi ningeipata, lakini ningekusema mpaka kwenu!"

Nadhani kamati ilikuwa sahihi, ingawa hadi leo sina hakika. Anayechelewa huwa na maelezo yake, na pengine sisi tumo katika maelezo hayo. Ikikubidi kuikataa bahasha, ikatae. Lakini mwenye bahasha mpe kwanza kiti.

Akupendaye daima,
Bibi yako