Kopo Lenye Picha ya Nyuki

Jumatano, Machi 1975. Ukungu haujaondoka mlimani tangu alfajiri.

Asubuhi nzima nimekaa mbele ya mzinga, natazama. Nyuki walio hai wanawatoa wafu wao. Mmoja anamkumbata mwenziwe, anamburuta hadi mlangoni, anaruka naye, anamwangusha mbali kwenye nyasi. Anarudi kumchukua mwingine. Hakuna anayepiga soga kama sisi misibani. Nimezaa saba na kuzika watatu, sijaona kazi ya namna hii.

Mungu ni mkubwa.

Na aliyewaua ni mimi.

Jumapili gari lenye kipaza sauti lilikuja gulioni, likiuza dawa ya wadudu wa maharage. Kijana mwenye tai anapayuka, "Haina sumu, akina mama! Ya asili! Hata nyuki anaipenda!" Kopo la kijani, nyuki kachorwa juu ya ua, anacheka. Tangu lini nyuki akacheka?

Jirani yangu Mama Lugano alinusa kopo akalirudisha. "Dada, hii inanuka kifo."

"Kopo halinuswi, linasomwa!" Nikamsomea kwa sauti mbele za watu: HAIDHURU NYUKI. RAFIKI WA SHAMBA. Yeye alitoroka kisomo cha watu wazima wiki ya pili. Mimi nina cheti.

Kitabu cha kisomo kilisema chemsha maji, chimba choo, na yote yalikuwa kweli. Nikadhani kila kilichopigwa chapa ni kweli. Sikujua mtu mzima na akili zake aweza kukaa mezani akapiga chapa uongo, tena akauchorea maua!

Nikalinunua. Jumatatu nikautia unga wake kwenye soksi kuukuu, nikaupukuta juu ya maharage yaliyochanua. Jana mizinga miwili ilikuwa kimya. Umebaki huu.

Mchana nimemwita Mama Lugano. Sikuzunguka. "Pua yako imesoma kuliko mimi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi nipe hicho cheti!"

Kisha tukang'oa maharage yote, na maua yake, tukayafukia. Mwaka huu nitaomba maharage kwa watu. Mimi!

Jioni nimeweka sikio kwenye mzinga. Unavuma, lakini kidogo, kama mgonjwa anayejibu salamu.

Nyuki huombwaje radhi?