Gari Lako Halitapandishwa

Rafiki yangu Anselme,

Tangu tulipokuzika kule Nzahaha, watu wamekuwa wakinifundisha heshima. Mdogo wako alitaka nilirudishe gari lako katika kimo chake cha kiwandani kabla ya ibada ya kukuombea, kwa kuwa mjane wa mzee wa kanisa hapaswi kufika ndani ya gari la vijana. Nilimjibu kwamba halikuwa la vijana. Lilikuwa lako, na ulikuwa na miaka sabini na mmoja. Tangu tukiwa Bukavu ulipenda magari madogo yaliyokaa chini, na mtu mzima ana haki ya kupenda kitu kizuri.

Sijasahau kosa langu. Wewe ulisema tusubiri springi fupi za kweli za kulishusha gari, pamoja na shokabu zake za kuzuia mdundo. Mimi nilikuwa na haraka. Nikakuhimiza tumwache fundi azikate zile za zamani kwa msumeno. Jumapili iliyofuata, kwenye mfereji ulio mbele ya lango la kanisa, gari lilidunda, likakwaruza tumbo kwa mlio ambao hata waimbaji waliusikia. Uliteremka, ukaliinamia, ukaniambia, "Mwalimu, umelikata miguu." Kisha ukacheka mpaka ukakohoa. Ulikufa kabla hatujalirekebisha.

Basi nimelirekebisha. Nilivuka daraja la Rusizi ya Pili hadi Bukavu, nikiwa na karatasi uliyoniandikia: springi na shokabu za kiwanda kimoja, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, nalo lishuke vidole viwili tu. Seti ya kwanza iling'aa. Niliikwaruza kwa ufunguo, nikakuta kutu chini ya rangi. Katika ya pili, namba za springi ya kushoto hazikulingana na za kulia. Muuzaji alichoka nami.

"Mwalimu, unasahihisha resori sawa dictée?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, springi nazisahihisha kama imla, na kwamba ameanguka mara mbili. Seti ya tatu ilifaulu.

Papa Shukuru, fundi wetu, alizifunga zote, akapima magurudumu yakae sawa. Hata hivyo hakuamini. "Mzee, pale ku kanisa itagusa tu," alisema.

Siku ya ibada, mdogo wako alikuwa amesimama langoni pamoja na wazee wenzake, mikono nyuma. Mkeo, Maman Odette, alikuwa kando yangu. Nilipouona ule mfereji, nilipunguza mwendo. Nikamwambia kwamba tungeweza kuegesha barabarani, tukatembea. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Pita, Mwalimu. Bwana yangu hakujifichaka."

Nikapita. Magurudumu ya mbele yaliingia mferejini, gari likainama, likainuka mara moja, likatulia. Halikugusa. Maman Odette alisubiri mlio, akasubiri tena. Kisha akanyoosha kitambaa chake cha kichwani na kumpungia shemeji yake mkono.

Simwombi mtu radhi, Anselme, isipokuwa wewe. Mkeo ataendelea kufika kanisani katika gari hilo, likiwa chini kama ulivyolitaka, maadamu mikono yangu inaweza kushika usukani. Yeyote atakayetaka kulipandisha atanikuta nimesimama mbele yake.

Pumzika, mwenzangu. Asubuhi hii nimepima tena, kwa vidole vyangu mwenyewe. Ni viwili.